Maswali ya Wasomaji: Cobbett, Vibarua na Matabaka ya Uingereza

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinamhusu William Cobbett (1763–1835), mwanamageuzi wa Uingereza aliyechapisha gazeti la kila juma la Political Register tangu 1802, na ambaye masimulizi ya safari zake za farasi mashambani yalikusanywa mwaka 1830 katika kitabu Rural Rides. Wanaouliza wanataka kumtumia kama shahidi wa hali ya matabaka katika Uingereza ya miaka ya 1810 na 1820. Tumechagua maswali matano.

Ndugu wahariri, msimamizi wa tasnifu yangu anasema maandishi ya mtu aliyefungwa kwa uchochezi hayafai kuwa ushahidi wa historia. Je, nimwache Cobbett nitumie ripoti za serikali peke yake?

Usimwache, na wala usidhani kwamba ripoti za serikali hazina upande. Ripoti ya Sheria ya Maskini ya 1834, ambayo vitabu vingi huinukuu kama kauli ya mwisho, ilitegemea kwa sehemu kubwa madodoso yaliyotumwa vijijini mwaka 1832. Majibu yalitoka katika takriban parokia moja (eneo la kanisa lililosimamia pia misaada ya maskini) kati ya kila kumi, na walioyajaza walikuwa makasisi, wasimamizi wa fedha za maskini, mahakimu na wakulima wakubwa. Kibarua mwenyewe hakuulizwa. Ukimwondoa Cobbett kwa sababu ana upande, haki inataka uiondoe na ripoti hiyo, na hapo utabaki mikono mitupu.

Jambo la kuamua ni swali unalomuuliza. Cobbett ni shahidi mzuri sana wa vitu vinavyoonekana: nyumba za vibarua, mavazi, bustani, hali ya udongo, mazao yaliyosimama, nani ana nguruwe na nani hana. Alikuwa mtoto wa mkulima wa Farnham, Surrey, na tangu 1805 alikuwa na shamba lake Botley, Hampshire, hivyo jicho lake halikudanganyika upesi mbele ya zizi au shamba la tanipu. Ni shahidi mzuri pia wa lawama ambazo wasomaji wake walikuwa tayari kuzilipia. Ukimwuliza wastani wa ujira wa nchi nzima, idadi ya watu, au kwa nini umaskini ulienea, umemwomba kitu asichokuwa nacho.

Kabla ya kunukuu lolote, andika tarehe yake pembeni. Huyu alikuwa askari kuanzia 1784 hadi 1791. Katika miaka ya 1790 aliishi Philadelphia akitetea ufalme wa Uingereza kwa jina la Peter Porcupine. Aliporudi kwao mwaka 1800 alikuwa bado mtu wa upande wa serikali, na ni katika miaka michache iliyofuata ndipo alipogeuka. Mwaka 1810 alihukumiwa miaka miwili katika gereza la Newgate kwa kulaani kuchapwa viboko kwa wanamgambo huko Ely. Sentensi yake ya 1796 kuhusu maskini na ile ya 1826 zimetoka katika siasa mbili tofauti, na tasnifu inayozichanganya katika aya moja haina cha kujitetea.

Ninayo nukuu ya Cobbett kuhusu meza ya mwaloni ambayo kila mtu huitumia. Nawezaje kuipima hatua kwa hatua badala ya kuibandika tu?

Umechagua mahali pazuri, kwa hiyo tutakaa hapo. Kipande hicho kimeandikwa Reigate, Surrey, tarehe 20 Oktoba 1825. Cobbett yuko kwenye mnada wa vitu vya mkulima aitwaye Charington, anayeacha shamba lake. Anaona masanduku, vitanda na meza ndefu za mwaloni, vitu imara na vya kale, ambavyo sasa vimechakaa na karibu vimeachwa kutumika. Kisha anaona sebule: zulia, kamba ya kengele ya kumwita mtumishi, meza ya mahogani, viti vya fahari, vyombo vya kioo. Anahitimisha kwamba zamani mkulima aliketi meza moja na watu wake wa kazi, na sasa amejitenga nao, nao wamebaki na ujira usiowashibisha.

Nakili kipande chote kwa mkono, kisha kipigie mistari kwa rangi tatu. Rangi ya kwanza ni ya alichokiona kwa macho yake. Ya pili ni ya alichoambiwa au alichokikumbuka. Ya tatu ni ya alichokikisia au kukihukumu. Ukifanya hivyo kwa uaminifu utashangaa. Samani zote ni rangi ya kwanza, na hakuna sababu ya kuzitilia shaka, kwani zilikuwa mnadani mbele ya umati. Lakini picha maarufu kuliko zote, ya baba yake Charington akiketi kichwani mwa meza, akisoma dua na kuwakatia watu wake nyama, ni rangi ya tatu. Cobbett mwenyewe anaitanguliza kwa maneno ya mtu anayekisia. Hakuwahi kumwona mzee huyo mezani. Wanaonukuu huyaruka maneno hayo machache, na dhana inageuka kuwa tukio.

Hatua inayofuata ni kutafuta chanzo kingine kisichomtegemea yeye. Madai ya msingi hapa ni kwamba watumishi wa shamba waliokuwa wakiajiriwa kwa mwaka, wakila na kulala kwa mwajiri, wamepungua na mahali pao pamechukuliwa na vibarua wa juma au wa siku. Hilo linapimika. Hadi 1834, mtu asiye na ndoa aliyetumikia mwaka mzima katika parokia alipata haki ya kusaidiwa na parokia hiyo akianguka katika umaskini. Kwa hiyo mahakimu waliwahoji maskini kwa kiapo: ulitumika wapi, kwa nani, kwa muda gani, kwa ujira gani? Mahojiano hayo yamehifadhiwa kwa wingi katika kumbukumbu za kaunti. Yanaonyesha kwamba kusini na mashariki ajira ya mwaka ilififia, hasa baada ya 1815, ilhali kaskazini na magharibi ilidumu, na katika sensa ya 1851 watumishi wa shamba wanaoishi kwa waajiri bado wanaonekana huko. Kumbuka tu kwamba waliohojiwa ni wale walioonekana kuwa karibu kuomba msaada, kwa hiyo chanzo hiki nacho kina mwegemeo wake. Hata hivyo, alichokiona Cobbett kimesimama, kwa upande wake wa nchi.

Sasa sababu. Yeye analaumu kiburi cha wakulima, kodi na fedha za karatasi. Vyanzo vingine vinaonyesha mambo mengine. Vita vilipokwisha mwaka 1815 askari walirudi, na idadi ya watu ilikuwa inapanda, kwa hiyo mikono ilikuwa mingi. Bei ya ngano, iliyozidi shilingi 120 kwa kwota (kipimo cha busheli 8) mwaka 1812, ilishuka hadi takriban shilingi 45 mwaka 1822. Mkulima mwenye hasara na foleni ya watu mlangoni hana haja ya kumfunga mtu kwa mwaka mzima. Isitoshe, wengi walikuwa wakiajiri kwa majuma 51 makusudi ili mtumishi asipate haki ya msaada. Lakini msome Cobbett hadi mwisho wa kipande: anauliza kwa nini wakulima hawawalishi tena watu wao, na anajibu kwamba kuwalisha kungegharimu zaidi ya ujira mdogo wanaowapa. Kwetu sisi sentensi hiyo ina uzito kuliko kurasa zote za hasira zinazoizunguka, maana hapo mkulima mwenye kujua hesabu za jikoni ndiye anayesema.

Liko dai moja la kukataa kabisa. Anasema ardhi inatoa kile kile ilichotoa siku zote, na kilichobadilika ni mgawanyo tu. Mgawanyo ulibadilika kweli, ila mazao ya Uingereza yalikuwa yameongezeka sana kwa zaidi ya nusu karne. Na kuhusu neno lake "zamani", muulize: lini? Amezaliwa 1763, hivyo kumbukumbu yake ya utotoni inafika miaka ya 1770, si zaidi. Utumishi wa mwaka wenyewe ulikuwa ukipanda na kushuka kwa vipindi virefu. Ulistawi katika nusu ya kwanza ya karne ya 18 watu walipokuwa wachache na waajiri wakitaka kuwashika, na ulipungua watu walipozidi. Meza ilikuwa ya kale. Desturi iliyozunguka meza haikuwa ya kudumu.

Kosa la mwisho, ambalo wasahihishaji hulikuta kila mwaka, ni kukifanya kipande hiki kiwe ushahidi wa Uingereza nzima. Ni shamba moja, siku moja, pasipozidi kilomita 40 kutoka London, mahali ambapo mitindo ya mjini ilifika mapema.

Cobbett anasisitiza kwamba idadi ya watu wa vijijini ilipungua, ilhali sensa zinasema iliongezeka. Nani mkweli?

Sensa. England na Wales zilikuwa na watu pungufu kidogo ya milioni 9 mwaka 1801, na milioni 12 mwaka 1821. Sensa zile za mwanzo zina kasoro, lakini si za kuficha tofauti kubwa namna hiyo.

Kinachofaa kujifunza ni jinsi alivyokosea. Alikuwa akipita katika mabonde ya Wiltshire na Hampshire, anaona kanisa kubwa la mawe katikati ya vibanda vichache, anapiga hesabu ya watu wanaoweza kuenea ndani, na kusema zamani kijiji kilikuwa na watu wengi zaidi mara kadhaa. Lakini makanisa ya zama za kati hayakujengwa kwa kuhesabu vichwa. Ukubwa wake ulitokana na utajiri wa sufu, ahadi za matajiri kwa nafsi zao baada ya kufa, na mashindano ya jirani kwa jirani. Kuna vijiji vilivyopungua kweli baada ya tauni ya 1348–49, kwa hiyo katika parokia moja moja anaweza kuwa sahihi bila kuwa sahihi kwa nchi. Pili, alikuwa anapita katika kaunti za kilimo, ilhali ongezeko kubwa kuliko yote lilikuwa katika miji ya viwanda ambayo safari za kitabu cha 1830 hazikuigusa.

Usitupe kila kitu, hata hivyo. Katika bonde la Avon, Agosti 1826, anaorodhesha nyumba kubwa za wenye ardhi zilizobomolewa au kuachwa, kisha anakokotoa mkate, nyama na bia ambavyo familia ya watu watano ingehitaji kwa mwaka na kulinganisha na ujira. Majumba yaliyotoweka yanaweza kuhakikiwa kwa ramani na hati za mali, na yanaeleza jambo la kweli kuhusu ardhi kukusanyika kwa wachache. Hesabu ya chakula nayo itumie, ila ujue ni nini: ni kipimo cha kile alichoona kibarua anastahili kula. Ukiitumia kama maelezo ya kile alichokula, umepotea. Hali ni hiyo hiyo kwa Cottage Economy, mwongozo wake wa 1821–22 wa kuoka mkate, kutengeneza bia na kufuga nguruwe nyumbani. Anayewahimiza watu kupika bia badala ya kununua chai anatuonyesha, bila kukusudia, kwamba wengi walikuwa wameshahamia kwenye chai.

Je, ni sahihi kumwita Cobbett msemaji wa tabaka la wafanyakazi? Mwalimu wetu anamweka pamoja na waasisi wa mapambano ya kitabaka.

Kabla ya kumpa jina, chora mgawanyo wa jamii kama yeye alivyouchora. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake mstari mkuu haupiti kati ya mwajiri na mwajiriwa. Unapita kati ya wanaofanya kazi na kulipa kodi, na wanaoishi kwa kodi hizo: wenye vyeo visivyo na kazi, wapokea pensheni za serikali, madalali wa hisa, na wanaolipwa riba ya deni la taifa, ambalo baada ya 1815 lilizidi pauni milioni 800. Katika mgawanyo huo mkulima mpangaji na kibarua wake wanasimama upande mmoja. Tamko lake la 2 Novemba 1816 kwa mafundi na vibarua linawaambia kwamba chanzo cha dhiki ni kodi na dawa ni kurekebisha Bunge. Mwezi huo huo aliwaandikia wavunja mashine kuwaonya kwamba mashine si adui yao. Meza ya Reigate, ambamo mkulima mwenyewe anashtakiwa, ni ya miaka tisa baadaye.

Njia ya kuliamua bila kubahatisha ni hii. Chukua toleo moja la Political Register kwa kila robo mwaka, kuanzia 1816 hadi 1831. Utapata matoleo 64. Chagua juma kwa kanuni, kwa mfano la kwanza la kila robo, usije ukachagua yanayokupendeza. Tengeneza jedwali: tarehe, anayeshtakiwa ni nani, anayeonewa ni nani, shtaka ni la kodi, kodi ya pango, zaka au ujira, na dawa inayopendekezwa. Chini ya shtaka, hesabu mara ambazo mwajiri anatajwa kwa sababu ya ujira. Hiyo ndiyo namba itakayokujibu wewe na mwalimu wako, na itakuonyesha pia mwaka ambao mambo yalianza kugeuka.

Weka safu moja ya wale anaowatoa nje. Cobbett aliandika kwa chuki dhidi ya Wayahudi na Wakwekeri, na kwa dharau juu ya Waafrika. Alimshambulia Wilberforce, mpinzani wa biashara ya watumwa, akidai anawahurumia watu wa mbali kuliko vibarua wa Kiingereza. Wanafunzi huona aibu na kuvikata vipande hivyo. Msivikate. Vinaonyesha mpaka wa watu aliowahesabu kuwa wake, na swali lako ni hasa kuhusu mpaka huo.

Halafu angalia bei. Political Register la kawaida mwaka 1816 liliuzwa kwa zaidi kidogo ya shilingi moja, na kibarua wa kusini alipata takriban shilingi 8 hadi 10 kwa juma. Cobbett akatoa karatasi moja ya tamko kwa pensi 2, ambayo kwa umbo lake haikudaiwa ushuru wa stempu, yaani kodi iliyotozwa magazeti. Hapo watu kadhaa waliweza kuchanga na mmoja akawasomea. Serikali ikajibu: sheria ya Desemba 1819 iliyatoza ushuru majarida ya aina hiyo yaliyouzwa chini ya pensi 6 na kutoka mara nyingi zaidi ya mara moja kwa siku 26. Gazeti lake likawa la pensi 6. Kwa hiyo safari zake za miaka ya 1820 zilichapwa katika gazeti ambalo mkulima angelinunua kwa urahisi kuliko kibarua, na lawama zake kwa wakulima zilikuwa zikisomwa na wakulima wenyewe. Mwaka 1830 alianzisha jarida dogo la kila mwezi la pensi 2, na lugha yake inabadilika mara moja. Ukitaka maneno aliyowaambia vibarua, nenda huko.

Wakati wa maasi ya vibarua ya 1830, yaliyojulikana kwa jina la Swing, serikali ilimshtaki Cobbett. Je, hilo halithibitishi kwamba maandishi yake ndiyo yaliyowachochea?

Linathibitisha kile ambacho serikali iliamini au ilitaka kuaminika. Kesi ilisikilizwa Julai 1831, na baraza la wazee wa mahakama likashindwa kukubaliana, akaachiwa.

Ushahidi unaotajwa zaidi ni ungamo la kijana Thomas Goodman, aliyepatikana na hatia ya kuchoma mali huko Battle, Sussex, aliyesema hotuba ya Cobbett ndiyo iliyomsukuma. Lipime kama ulivyoipima meza ya Reigate. Alilitoa akiwa amehukumiwa kunyongwa. Lina matoleo zaidi ya moja, na hayalingani. Hakunyongwa, alipelekwa uhamishoni ng'ambo, wakati watu 19 wengine wa maasi yale walinyongwa. Na liangalie kwa kalenda: mashine za kupura nafaka zilianza kuvunjwa mashariki mwa Kent mwezi Agosti 1830, na hotuba ya Battle ilikuwa Oktoba. Kilichotokea baadaye hakiwezi kuwasha kilichotangulia.

Hiyo haina maana kwamba hakusomwa. Samuel Bamford, mfumaji wa Lancashire, ameandika kwamba mwaka 1816 maandishi ya Cobbett yalisomwa karibu katika kila nyumba ya wilaya za viwanda. Ni ushahidi mzito, kwa kuwa Bamford alikuwepo, ingawa aliuchapisha zaidi ya miaka 20 baadaye. Lakini anasema juu ya wafumaji wa kaskazini. Walioasi 1830 walikuwa vibarua wa mashamba ya kusini. Kwa hao nenda kwenye barua za mahakimu kwa Wizara ya Mambo ya Ndani, zilizoko Hifadhi ya Taifa huko Kew, hasa mafungu ya HO 52, uone madai yaliyoandikwa siku ile ile: ujira wa shilingi ngapi, mashine zipi, zaka kiasi gani. Yalinganishe na madai ya Cobbett ya miezi iliyotangulia. Mengi yanahusu ujira na kazi ya majira ya baridi, mambo ambayo kibarua hakuhitaji gazeti kumfundisha.

Neno kwa wote mlioandika kuhusu matoleo: angalieni mnanukuu kitabu kipi. Chapa ya 1830 ilitayarishwa na Cobbett mwenyewe. Ile ya 1853 ilitayarishwa na mwanawe James Paul, ambaye aliongeza safari nyingine, na chapa nyingi za bei nafuu hufuata mojawapo ya hizo mbili au kuzifupisha. Tafuteni kipande kile kile katika Political Register la juma husika, mkilinganishe sentensi kwa sentensi, na mkinukuu kutoka gazetini, kwa sababu hilo ndilo lililosomwa wakati ule.